«Continuer» haiko dawa

Ndugu wakulima, baba na mama wa vyama vya ushirika, haya nitakayosema ni mawazo yangu mwenyewe, haiko neno la shirika. Kama yataniletea maneno ofisini, nitayabeba.

Mwezi wa tano nilikuwa kwenye depo ya ushirika mmoja, upande wa barabara ya Kasenga. Ilikuwa siku ya kupokea mahindi. Tangu saa moja ya asubuhi baiskeli zilikuwa zimepangwa mstari, kila moja na magunia mawili ao matatu nyuma, na wamama waliotoka mbali walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakingojea. Mizani iko tayari, vijana wa kubeba wako tayari. Mama sekretere anafungua tableti ili aandike gunia la kwanza, na ekrani inakuja na alama nyekundu.

Juu yake kuliandikwa kwa Kifaransa: «Votre connexion n'est pas privée». Maana yake, njia kati ya tableti na kompyuta ya mjini haiko ya siri, kuko mtu anaweza kusikiliza ao kubadilisha yale unayotuma. Usiku wa kuamkia siku ile, wenye programu walikuwa wametoa toleo la zamani na kuweka toleo jipya. Hakuna aliyekuwa ametuambia.

Mama sekretere akapiga simu mjini. Alifungua sauti, kwa hiyo wote tulisikia.

«Tata, hii tableti iko nakatala. Iko nasema ni hatari.»

«Mama, usiogope. Finya kwa "Paramètres avancés", kisha finya kwa "Continuer". Ni ile ile nyumba yetu, tumebadirisha paka mulango.»

Akafinya. Ikafunguka. Watu wakapiga makofi, mahindi yakaanza kupimwa, na mimi pia nilifurahi, niseme kweli. Nilirudi Lubumbashi nikiona kwamba siku imeenda vizuri. Fundi yule hakudanganya: nyuma ya alama ile nyekundu kulikuwa kweli kompyuta yao. Lakini nilipaswa kusimama pale pale na kusema hapana, na sikusema.

Wiki tatu nyuma, mama sekretere alipata ujumbe kwa WhatsApp. Ulisema hivi: kwa sababu ya toleo jipya, kila sekretere aingie kwenye anwani hii na kuhakikisha orodha ya malipo. Akaifinya. Ekrani nyekundu, sawasawa na ile ya kwanza. Yeye alikuwa amefundishwa nini? Akafinya «Paramètres avancés», akafinya «Continuer», akaandika jina lake na kode ya siri. Ukurasa ulikuwa na rangi zile zile na picha ile ile ya suke la mahindi. Ulikuwa wa mwizi.

Siku mbili nyuma, kwenye orodha ya malipo, namba za simu za wanachama sita zilikuwa zimebadilishwa. Majina yalibaki yale yale, kilo zilibaki zile zile, paka namba ya kupokea feza njo ilikuwa ya mtu mwingine.

Kilichotuokoa ni mzee mmoja, mtunza-feza wa ushirika, mtu mwenye hapendi tableti hata kidogo. Yeye iko na desturi ya kusoma majina na namba kwa sauti, kutoka kwenye kitabu kikubwa, mbele ya watu, kabla ya kutuma hata faranga moja. Vijana wanamcheka. Siku ile kijana mmoja alikuwa anafuata kwenye tableti huku mzee anasoma kwenye kitabu. Kwa jina la tatu namba hazikupatana. Mama mwenye jina lile akasimama: «Iyo ya tableti haiko namba yangu. Yangu ni ile ya mu kitabu.» Mzee akafunga kitabu, akasema hakuna malipo leo.

Hakuna faranga iliyoenda kwa mwizi. Lakini malipo yalisimama siku tano, na siku tano katika mwezi wa sita munajua ni nini. Feza ya shule inangojewa, deni ya mbolea inangojewa, na pale njiani mnunuzi amesimama na feza mkononi na meka yake yenye kupigwa tako ili iingize mahindi mengi. Wamama kadhaa walimuuzia yale waliyokuwa wamebakisha nyumbani, kwa bei aliyotaka yeye. Ile hasara haikuandikwa kwenye raporo yoyote.

Katika mkutano kuko watu walisema mama sekretere aondolewe. Nilikatala na ninakatala hata leo. Yule mama alifanya sawa na alivyofundishwa. Sisi tuliomfundisha kupita juu ya onyo njo tulikosa, sisi watu wa mjini, mimi pia niliyenyamaza chini ya mwembe.

Sasa ile alama nyekundu inasema nini hasa? Tuache kompyuta kidogo, twende shambani.

Ukinunua mbegu ya mahindi iliyothibitishwa, kwenye gunia kuko karatasi ya SENASEM. Wewe haukuona shamba ambamo mbegu ilitoka. Haukujua kama ilichanganyika na mahindi ya jirani, haukuhesabu ni mbegu ngapi kwa mia zinaota. Lakini inspekta alipita katika lile shamba, mbegu zikapimwa, na karatasi inakuambia kwamba kuko mtu mwingine, mwenye haiko muuzaji, aliyeangalia. Nguvu ya ile karatasi haitoki kwa muuzaji. Inatoka kwa yule mwingine.

Kwenye intaneti kuko karatasi ya namna hiyo, inaitwa cheti. Kompyuta ya mjini yenye kuweka orodha zenu, ile wanayoiita seva, inaonyesha cheti chake kila mara tableti inapoita. Cheti kinasema: mimi ni fulani, jina langu ni hili, nitatumika mpaka tarehe fulani. Na chini kuko saini. Simu yako ilitoka kiwandani ikiwa na orodha ya wale ambao saini yao inakubaliwa. Ikiona saini ya mmoja wao, inafungua mlango bila maneno. Ikikosa kuiona, inakuwa nyekundu.

Cheti cha kujisaini ni kile ambacho seva imejiandikia yenyewe na kujisainia yenyewe. Ni sawa jirani yako akikuletea mbegu katika gunia la unga na kikaratasi alichoandika kwa mkono wake: «Mimi fulani, ninashuhudia kwamba mbegu ya fulani ni nzuri.» Inawezekana ni nzuri kweli. Watu wangapi kati yetu wanapanda mbegu ya jirani kila mwaka, na bukari inapatikana? Lakini tunaipanda kwa sababu tumeona shamba lake, tunamjua yeye na tulimjua baba yake. Hatuipandi kwa sababu ya kile kikaratasi. Kikaratasi cha namna ile hata mpita njia anaweza kukiandika. Nani angemwachilia mtu apite Kasumbalesa na lori, akionyesha karatasi ya duane aliyojisainia yeye mwenyewe?

Kwa hiyo mimi sisemi kwamba cheti cha kujisaini ni wizi. Ninasema kwamba cheti cha namna hiyo kinataka mtu akupeleke mpaka shambani kwake, akuonyeshe, kabla ya kukuambia «amini». Katika ushirika ule wa barabara ya Kasenga, mwaka wa kwanza, ilifanywa hivyo. Fundi alikuja na pikipiki, akaingiza cheti katika tableti kwa mkono wake, akaonyesha wote kwamba inafunguka bila alama nyekundu. Halafu toleo jipya likaja, na seva ikajiandikia cheti kingine, kama programu nyingi zinavyofanya zikiwekwa upya. Tableti ilikuwa inajua kile cha zamani. Kile kipya haikukijua, na ilifanya kazi yake vizuri sana: ilikatala. Jirani amebadilisha kikaratasi na hakuna aliyerudi na pikipiki.

Kuko sababu zingine, na ni vizuri mama ao baba mwenye kushika tableti azijue kabla ya kupiga simu, juu fundi akisema «usiogope» umuulize swali la pili. Chini ya maneno ya ule ukurasa kuko herufi ndogo ambazo hatuzisomi. Zisomeni ao muzipige picha.

Zikisema NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, angalieni kwanza tarehe ya tableti yenyewe. Hii ni shida ya kwetu kabisa. Batri inakwisha, umeme wa SNEL haiko, pano ya jua imefunikwa na mawingu siku tatu, tableti inazima kabisa, na ikiwaka inafikiri tuko mwaka wa zamani. Cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana kwake kama mtoto ambaye hajazaliwa bado. Rekebisheni tarehe na saa, jaribuni tena. Nimeona fundi akitoka Lubumbashi mpaka kijijini, feza ya mafuta imelipwa, ili aje kubadilisha tarehe. Kama tarehe ya tableti iko sawa na alama inabaki, basi ni cheti chao njo kimekwisha muda, na hiyo ni kazi yao.

Zikisema NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID, jina la kwenye cheti na jina muliloandika juu ya ukurasa havipatani. Mara nyingi inatokea kama zamani mlikuwa munaingia kwa namba na sasa munaingia kwa jina. Inatokea pia kwa vyeti vilivyotengenezwa kwa namna ya zamani, juu tangu 2017 Chrome haisomi tena mahali pa zamani pa kuandika jina. Inasoma paka orodha ya majina iliyo ndani ya cheti, na kama orodha haiko, inakatala. Mkulima hawezi kurekebisha hiyo. Muwaambie hivyo.

Na zikisema NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, hapo njo tuko kwenye jambo letu: simu haimjui mwenye kusaini.

Hapo pia muangalie umri wa simu. Kuko kampuni isiyotafuta faida, Let's Encrypt ya Marekani, yenye kutoa vyeti vya bure tangu mwisho wa 2015, na vinatumiwa na tovuti nyingi sana. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti-mzizi cha zamani ambacho saini yao iliegemea kilikwisha muda. Simu za Android zilizo chini ya 7.1.1 hazikujua mzizi mpya. Waliwatengenezea daraja ili ziendelee, na daraja lile lilifika mwisho 2024. Hizo simu njo zile tunazonunua sokoni zikiwa zimetumika, njo zile tunazoachiwa na kaka akinunua mpya. Kwa hiyo inaweza kutokea kwamba mjini wamefanya kazi vizuri kabisa, na ni simu ya mama njo imezeeka. Fundi anapaswa kujua hiyo kabla, kwa kuwauliza muko na simu gani. Ni swali la dakika tano.

Tena kuko ajabu moja ambayo ilinisumbua mpaka nilipoelezwa. Unafungua anwani kwa Chrome, inafunguka bila shida. Unafungua kwa programu ya ushirika, kwenye tableti ile ile, inakatala. Watu wanafikiri ni uchawi ao ni yunite zimekwisha. Hapana. Tangu Android 7, ya 2016, programu haziamini tena vyeti vilivyoingizwa kwa mkono na mwenye simu, ila kama mtengenezaji wa programu ameruhusu ndani yake. Toleo la zamani lilikuwa linafuata sheria za zamani, toleo jipya linafuata mpya. Kile cheti ambacho fundi aliweka kwa mkono kiko pale pale, lakini programu mpya haikiangalii. Ninyi mukiona vile, musifinye kitu chochote, musifute kitu, pigeni simu na museme maneno haya: «Kwa Chrome inafunguka, kwa programu inakatala.» Fundi mwenye anajua kazi ataelewa mara moja.

Sasa nifike kwenye yale mafundi wananiambia, juu niliongea nao na wengine ni rafiki zangu.

Wanasema kwanza: cheti chenye kusainiwa na wakubwa ni feza. Ilikuwa kweli zamani. Nimekwisha kusema, tangu 2015 kuko vya bure, na seva inaweza kuvifanya upya yenyewe bila mtu. Mwenye kuniambia leo kwamba aliweka cheti cha kujisaini kwa sababu ya feza, ninamuuliza anasema feza ya mwaka gani.

Wanasema pili: kuko depo ambako seva ni kisanduku kidogo ndani ya nyumba, bila intaneti, tableti zinakiita kwa wifi ya pale pale. Hapo ninakubali. Kisanduku cha namna ile kinaweza kujisainia, ni jirani wa mlango kwa mlango. Lakini cheti chake kiwekwe ndani ya programu yenyewe, kisipewe nguvu juu ya simu yote. Hii si kitu kidogo. Ukikubali kuingiza cheti-mzizi cha mtu katika simu yako yote, umempa kalamu ya kusaini kwa jina la tovuti yoyote ambayo unafungua kwa kivinjari, hata ya banki, hata ya barua zako. Katika Kazakhstan, mwezi wa saba 2019, watu wa mji mkuu waliambiwa na kampuni za simu waingize cheti cha serikali ili intaneti iendelee kufunguka. Mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple walikifunga katika vivinjari vyao, juu kwa cheti kile mtu angeweza kukaa katikati na kusoma mambo ya watu wote. Sisi hatuko serikali ya Kazakhstan. Lakini tableti ya ushirika iko mara nyingi simu ya mtu pia, na haifai mradi wa mahindi ushike funguo za nyumba nzima.

Wanasema tatu, na hili wanalisema kwa sauti ndogo: kama alama nyekundu inawasumbua wakulima, tunaweza kuizima. Ndani ya programu kuko mahali pa kuandika «usiangalie cheti», na inakuwa kimya. Ndugu zangu, hii njo mbaya kupita yote. Mama aliyefinya «Continuer» aliona angalau rangi nyekundu, aliweza kusita. Programu iliyozimwa macho itampokea mwizi na kumpa kode ya siri kila asubuhi, na hakuna atakayejua mpaka siku ya malipo. Ni kama kutoa mbwa katika lupango juu anabweka usiku. Muwaulize wazi wenye programu: «Je, programu inaangalia cheti, ndiyo ao hapana?» Mtu akizungukazunguka, muandike kwenye PV kwamba alizungukazunguka.

Mimi ninataka nini basi? Ninataka vyama vya ushirika viache kuwa kama mgeni katika jambo hili. Tableti tulileta sisi, ni kweli, na programu pia. Lakini majina, namba, kilo, feza, ni vyenu. Tangu nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, ushirika mdogo uko na kamati ya uongozi na tume ya uangalizi, na ile tume haikuwekwa ili ihesabu viti tu. Tena, tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi iko na Code du numérique, sheria yenye kusema juu ya ulinzi wa habari za watu na juu ya vyeti vya elektroniki. Namba ya simu ya mama aliyesimama siku ile ni habari yake. Anayeichukua iko na deni ya kuilinda.

Kwa hiyo, toleo jipya lisiwekwe usiku bila ushirika kujua, na lisiwekwe kati ya mwezi wa nne na wa saba, wakati mahindi yako njiani. Mwezi wa nane uko hapo, mbegu na mbolea hazijaanza kugawanywa, watu wako na nafasi. Siku ya kubadilisha, kama cheti ni cha kujisaini, mtu aje nacho kwa mkono. Kama barabara haipitiki, basi tutumie ile wanayoita alama ya kidole ya cheti. Kila cheti iko na alama yake, jozi 32 za herufi na tarakimu, na cheti kingine hakiwezi kuwa na ile ile. Fundi anaileta kwa karatasi kwenye mkutano, kabla, sekretere anaiandika kwenye kitabu, na siku ambayo ekrani inakuja nyekundu anaifungua na kulinganisha jozi kwa jozi. Ikipatana zote, haimaanishi afinye na kuendelea milele; inamaanisha kwamba anaweza kumwambia fundi «ni yenu kweli, sasa leteni dawa.» Ikikosana hata jozi moja, anafunga tableti na anaandika kwenye karatasi siku ile.

Nitaambiwa jozi 32 ni nyingi kwa mama wa kijiji. Wamama hawa hawa wanashika kichwani deni za watu arobaini bila kuandika.

Kama cheti ni cha kusainiwa na wakubwa, swali linabaki moja: nani anakifanya upya, mtu ao mashine? Muulize, juu muda wa vyeti hivi unafupishwa. Wenye kuweka sheria za vyeti duniani walikubaliana mwezi wa nne 2025: kuanzia tarehe 15 Machi 2026 cheti kipya hakipite siku 200, kuanzia Machi 2027 siku 100, na kuanzia Machi 2029 siku 47. Fundi mwenye kufanya upya kwa mkono, na akisahau mara moja kwa mwaka tayari tunateseka, sasa atapaswa kukumbuka mara nane. Atasahau, na atasahau siku ya mizani.

Jambo moja ningetaka lisikike vibaya kwa wale wenye kuuza programu: kufuli ndogo isiyo na alama nyekundu haimaanishi kwamba mwenye ukurasa ni mtu mwema. Mwizi pia anaweza kupata cheti cha bure, safi kabisa, kwa jina lake yeye. Cheti kinathibitisha jina paka, hakithibitishi roho. Yule aliyetuibia kode alikuwa mvivu, hakujisumbua kutafuta cheti, na sisi tulikuwa tumekwisha kumfanyia kazi yake. Mwingine hatakuwa mvivu. Kwa hiyo jina la anwani libandikwe ukutani mwa depo kwa herufi kubwa, na lisomwe herufi kwa herufi. Anwani iliyoletwa na WhatsApp isifinywe hata kama imetoka kwa simu yangu mimi.

Na kitabu kikubwa kisiende kuwasha moto. Kuko wenzangu ofisini wanaona ni aibu mradi wa tableti kubaki na kitabu. Mimi nilimwona mzee akikifunga siku ile.

Ushirika ule wa barabara ya Kasenga ulikutana mwisho wa mwezi wa sita. Kode zote zilibadilishwa, namba sita zikarudishwa mbele ya wenyewe, na mama sekretere alibaki kwenye kazi yake, kwa kura. Fundi alikuja, hii mara na pikipiki. Alisoma alama ya kidole ya cheti kipya polepole, na mama akaandika. Kwa jozi ya kumi na tisa akamkatisha: «Tata, rudilia. Ni B ao ni D?» Ilikuwa D.

Kama ekrani ya kwenu imekuwa nyekundu katika msimu huu, pigeni picha ya ukurasa wote pamoja na zile herufi ndogo, muandike tarehe, na muipe mshauri wenu akipita. Ninazikusanya kwa ajili ya mkutano wa mwezi wa nane hapa Lubumbashi, ambako wenye programu watakuwa wamekaa mbele yetu. Ambao fundi aliwaambia «finya tu, itapita», waandike hilo pia nyuma ya picha.